Ombi la Maskwota Kuonewa Sawasawa

Kambi ya Chini,
Shamba la Bwana Hallam,
Kitale.
Tarehe 14 Novemba 1947

Kwa Bwana Mkubwa Hallam,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Festus Mukhisa, skwota wako, nikifanya kazi na kufuga katika shamba lako mwaka wa kumi na moja sasa, tena Katibu wa Kamati ya Kukataa Kuondolewa kwa Ng'ombe. Huenda Bwana hajasikia habari za kamati hii. Si kosa lake. Hata sisi wenyewe kuna wiki hatuisikii.

Mwezi uliopita Bwana alitoa amri kwamba ng'ombe wote wa maskwota wawe wametoka shambani kufikia tarehe thelathini ya mwezi huu, na atakayebaki na hata ndama mmoja atatoka pamoja na huyo ndama wake. Amri hiyo ilituuma sana. Skwota asiye na ng'ombe ni kibarua tu. Hana maziwa ya watoto, hana mahari ya kumposea mwanawe, hana hata sababu ya watu kumwamkia njiani. Siku ile tulisema hapana, watu zaidi ya mia mbili kwa sauti moja. Bwana angetuona angeogopa kidogo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi tukaanza kukutana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Naandika kumlalamikia Bwana juu ya watu aliowajaza katika shamba hili, maana ni yeye aliyetuandika mmoja mmoja akatuweka pamoja, na sasa imekuwa vigumu hata kumpinga vizuri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, nilisoma Lugulu, na sisi Marafiki hatupigi kura. Tunakaa kimya mpaka nia zetu ziwe moja, kisha karani anaandika lile ambalo wote wameliona. Ni njia ya adabu na haina makelele. Basi katika mkutano wa kwanza, pale penye josho la ng'ombe, niliwaomba watu tuinamishe vichwa. Tukainamisha. Baada ya nusu saa akafika Mzee Kibiwott na watu wake wa mlimani, wale waliotoka kule juu Kapsokwony. Wakatukuta watu sitini tumenyamaza, kofia mikononi. Wakajua kuna msiba. Na kwa kuwa ni watu wenye heshima hawakuuliza ni nani amekufa. Walikaa nasi kidogo, wakatikisa vichwa, wakanipa mkono wa pole mimi niliyekuwa mbele, wakaenda zao. Kesho yake wake zao waliniletea madebe mawili ya mahindi na kuku mmoja kwa ajili ya marehemu mama yangu. Mama yangu yuko Lugulu, mzima, analima. Kuku tulimla, maana kumrudisha kungekuwa ni kuwatukana, lakini azimio halikupatikana.

2. Mkutano wa pili tuliufanya kwa desturi ya mlimani, ambako kila mzee husema mpaka amalize na hakatizwi. Mzee Kibiwott alianza saa tatu asubuhi. Alisema huwezi kumweleza Mzungu habari ya ng'ombe kabla ya kumweleza ng'ombe walitoka wapi. Saa sita alikuwa amefika kwa babu yake, ambaye aliteremka mlimani na vijana thelathini akapanda na ng'ombe arobaini. Hapo akasimama Wekoye, msemaji wa Wakatoliki wa upande wa Misikhu, akauliza hao vijana waliteremkia wapi. Kibiwott akataja mto. Wekoye akapiga kelele, "Hiyo ng'ombe ilikuwa ya babu yangu! Mimi nataka yangu leo, sitoki hapa!" Tangu saa hiyo mpaka jua kuzama, Kamati ya Kukataa Kuondolewa kwa Ng'ombe ilishughulikia ng'ombe walioondolewa kabla Mzungu wa kwanza hajaonekana nchi hii. Jina la Bwana halikutajwa. Nilipolitaja, niliambiwa nisilete mambo ya pembeni.

3. Wekoye huyohuyo hawezi kutia kidole gumba kwenye karatasi yoyote kabla hajamwuliza Padre. Padre huja shambani mara moja kwa mwezi, tarehe mbili. Ng'ombe wanatoka tarehe thelathini. Nilimwonyesha kalenda. Akaniambia hiyo kalenda ni ya Kiprotestanti.

4. Kemboi, dereva wako wa trakta, ana ng'ombe wawili, lakini moyoni mwake ana trakta. Kila neno lake huanza na "sisi na Bwana". Mkutano mzima ulimsikia akisema, "Nyinyi kila siku ati ng'ombe, ng'ombe. Si muuze mnunue baiskeli, bana?" Akapigwa kofi na mtu ambaye sikumwona vizuri. Katika kumbukumbu nimeandika kwamba mjumbe alikosolewa.

5. Hatimaye tuliamua kumwandikia Bwana barua. Kila mtu akaleta lake. Mmoja alitaka posho isiyo na wadudu, mwingine alitaka nyapara asipige filimbi ndefu, wa tatu alitaka mbwa wa Mzee Kibiwott afungwe, na mzee mmoja alitaka Bwana amrudishie mke aliyekimbilia Bungoma mwaka wa nzige. Madai yakafika arobaini na moja. Nikasema, kwa kuwa nia lazima ziwe moja, tufute kila dai ambalo hata mtu mmoja analikataa. Tukafuta. Dai la ng'ombe lilikataliwa na mtu asiye na ng'ombe. Jioni barua ilikuwa imebaki na mstari mmoja tu, nao ulisema, "Bwana, umeamkaje." Hata huo kuna aliyeupinga, akauliza itakuwaje Bwana akiupata mchana.

6. Kuna pia mjane mmoja wa Kambi ya Juu, anaitwa Nyaguthii, ambaye kila mkutano husimama na kuuliza kwa nini tusiende sote nyumbani kwa Bwana tukasimama mbele ya veranda mpaka atoke. Nimemweleza mara tatu kwamba jambo hilo haliko kwenye ajenda. Hana utaratibu kabisa.

Bwana, nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kwa kweli nimeona kosa kubwa ni lako, unisamehe kwa kusema hivyo. Bwana anatuonea kwa vipande vipande. Kambi ya Chini umeiongezea siku za kazi. Kambi ya Juu umeikataza kuni. Watu wa mlimani umewafungia njia ya kupeleka ng'ombe kulamba chumvi kule mapangoni. Kemboi umempa koti. Kila mmoja ana kidonda chake mahali pake, na hakuna anayetaka kusikia cha mwenzake kinavyouma. Watu wataunganaje namna hiyo? Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu mambo machache.

Kwanza, Bwana atuonee sawasawa. Iwe ni jambo lilelile, siku ileile, na kama inawezekana saa ileile, ili asiwepo wa kusema yake ni afadhali.

Pili, Bwana akubali kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya kumpinga. Tumetafuta mtu ambaye pande zote zinamwamini tukamkosa. Kibiwott akishika kiti, Wekoye anatoka. Wekoye akishika, Marafiki wanatoka. Mimi nikishika, wanatoka wote, sijui kwa nini. Bwana peke yake ndiye asiyeshukiwa kuipendelea kambi yoyote, kwa maana sote tunajua anatudharau kwa kipimo kimoja.

Tatu, Bwana aiandike mwenyewe ile barua ya malalamiko, kwani ubaya wa amri yake anaujua kuliko sisi. Akishaiandika aisome, aikatae, atuletee nakala. Pengine tukikataliwa pamoja tutapata la kukubaliana.

Nne, kama hayo yote ni mazito, Bwana asogeze tarehe thelathini mpaka siku Kamati itakapokuwa na nia moja. Kwa ninavyowajua watu hawa, wajukuu zetu watakuwa wameota mvi.

Sisemi haya kwa ajili ya ng'ombe wangu kumi na mmoja. Nasema kwa uchungu. Nimekaa mbele ya watu hawa nikiwa na kalamu mkononi wiki tatu, na nimeona kwamba mtu wa chini hajui kushikamana na mwenzake. Anajua kupiga kelele, anajua kukumbuka kosa la babu ya jirani yake, anajua kubisha juu ya sala ya kufungulia mkutano. Ukimwambia ng'ombe wake wanaondoka, anauliza kwanza wa jirani wataondoka lini. Nimechoka nao. Nawaonea haya.

Nisalimie sana Memsahib, na watoto walioko shuleni Uingereza, na mpishi, na yule farasi mweupe, na mbwa wako wote wawili, hata yule mkubwa aliyeniuma mwezi wa sita. Mwambie nimepona.

Ni mimi mtiifu wako,
Festus Mukhisa,
Katibu.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, imebidi niifungue. Asubuhi hii mke wangu Dinah alichukua koti langu kwenda kulifua mtoni. Mfukoni akaikuta ile barua ya Bwana ya mwezi uliopita, inayosema ng'ombe wangu wanaweza kubaki na kuchunga nyasi za kando ya mto, mimi peke yangu, ilimradi nicheleweshe mikutano na nisimwonyeshe mtu. Mimi sikumwonyesha mtu, Bwana. Na kazi ya kuchelewesha niliifanya kwa uaminifu, kama ulivyosoma hapo juu.

Dinah hajui kusoma vizuri, akampelekea Nyaguthii. Nyaguthii akaisoma mpaka mwisho, kisha akawatuma wake wa wanakamati wengine wakapekue makoti ya waume zao. Cheptoo ameleta ya Mzee Kibiwott. Nakhungu ameleta ya Wekoye. Ya Kemboi imepatikana katika lile koti ulilompa. Barua ni nne, Bwana, na maneno ni yaleyale. Hata nyasi ni zilezile, na kila mmoja wetu amepewa peke yake. Mimi nilidhani nilichaguliwa.

Sasa wanakuja kwako, wanawake wa kambi zote, na nyuma yao naona wanaume wanatoka majumbani wakiwa na mashati tu, maana makoti yao yamechukuliwa. Hakuna aliyeitisha mkutano. Kemboi ameahidi kuileta barua hii kwa trakta ikufikie kabla yao. Niliwakimbilia hadi kwenye geti la kambi nikamwomba Dinah anirudishie angalau karatasi yangu. Hakugeuka hata kunitazama. Alisema, "Si yako tena, Baba Edah. Hii sasa ni ya sisi wote."