Sabuni Isiyotoa Povu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na suti nilikuwa nimevaa. (Ya kuazima, lakini suti.)

Nawaandikia kutoka duka la simu hapa katikati ya Durban. Mwenye kompyuta anaangalia saa yake, kwa hiyo naeleza haraka, kabla Neema hajawaandikia yeye.

Neema mnamjua kwa sifa: msusi, kwao Uvira, ndiye nimtakaye. Baba yake hamjamjua. Tunamwita Papa. Ni shemasi, mzee wa maneno machache, na mchumba wa kwanza wa Neema alimfukuza kwa kosa moja tu: kijana alianza kula kabla mzee hajanawa. Basi! Kwisha habari yake. Leo ilikuwa zamu yangu. Leo Papa alikuwa anipe jibu.

Nikataka nimpeleke mahali pa hadhi. Mnajua kazi yangu, naendesha gari la mizigo kutoka maghala ya Clairwood. Kila wiki napeleka mafuta ya zeituni kwenye mgahawa mpya wa Kihispania. Mwenye mgahawa, mama mmoja anaitwa Pilar, aliniahidi chakula cha mchana cha watu watatu kwa sababu nilimtafutia mzigo wake ukapatikana, ulikuwa umepotea bandarini. Hayo sikumwambia Papa. Nilimwambia, "Papa, pale mimi ni mwenyeji. Nakula kila mara."

(Mwenyeji wa mlango wa nyuma. Na kula, sijawahi kula.)

Tukaingia, Papa, Neema na mimi. Weupe mtupu! Meza nyeupe, viti vyeupe, hata maua meupe. Ukuta mmoja tu ndio wenye rangi, wamechora mji wa kale uliozungushiwa boma refu la mawe, minara juu, lango moja chini.

"Ile ni gereza ya wapi?" Papa akauliza.

"Ni mji, Papa. Kwao Pilar. Zamani walijenga boma ili wezi wasiingie." (Nimebuni.)

"Bon," akasema kwa Kifaransa chake. "Na mwenye iko ndani, anatokea wapi?"

Nikaweka simu ya mkononi mezani, ionekane vizuri. (Ya kuazima pia. Haina laini.)

Akaja mhudumu, Bheki, Mzulu ambaye hunisaidia kushusha mafuta. Nikamkonyeza asije akaniumbua. Akaelewa, akafunga mdomo. Akatuwekea kila mtu bakuli pana lenye kina. Ndani ya bakuli, kipande kimoja cheupe cha mraba, laini, na jani la kijani juu yake. Akaondoka. Akarudi na jagi linalofuka mvuke kidogo, kitambaa cheupe kimelala mkononi, akasimama kando ya Papa na kuinama.

Jagi. Kitambaa. Mzee ameketi. Wewe ungefikiri nini?

Papa akakunja mikono ya koti, akanyoosha viganja juu ya bakuli. Bheki akaganda. Na mimi hapo hapo nikaona bahati yangu. Yule mwenzangu alifukuzwa kwa kutomngoja mzee anawe, mimi nitamnawisha kwa mikono yangu! Nikaruka kutoka kitini, nikampokonya Bheki jagi.

"Eish, bhuti, wait..."

Eti ndugu, ngoja! Nikamkonyeza tena. Nikapiga magoti, suti na yote, nikammwagia Papa taratibu, mkono wa kushoto umeshika wa kulia, kama mama alivyonifunza Kigoma. Maji ya vuguvugu, ya manjano kidogo, yananukia vizuri ajabu.

"Hata maji yao yana manukato," nikasema.

Papa akaokota kile kipande cheupe, akasugua. Akasugua tena. Kikamponyoka, akakifukuza ndani ya bakuli, akakikamata.

"Hii savon haina povu."

"Sabuni za Ulaya ndivyo zilivyo, Papa. Povu linaharibu ngozi."

(Nani aliniuliza habari za ngozi?)

Nikaketi, nikanawa na mimi. Neema akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ni mapenzi. Nikatabasamu. Akanikanyaga tena, kwa kisigino, akaelekeza macho meza ya jirani.

Pale waliketi Wazungu wawili, mama na bwana. Mabakuli ni yale yale, na maji ni yale yale. Mama akachota kwa kijiko. Papa naye alikuwa anamtazama. Kijiko kikapanda. Kikaingia mdomoni. Kisha yule mama akakata kile cheupe, akakitafuna, akafumba macho kwa utamu.

"Festo," Papa akasema.

"Naam, Papa."

"Ule mama anakunywa maji ya kunawa. Na savon anakula."

Nikakumbuka lile swali la mtu aliye ndani ya boma anatokea wapi. "Papa," nikasema, "Wazungu huwajui tu." Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa mwisho leo.

Maana Pilar alitoka jikoni mwenyewe, mikono wazi. "Festo! Hatimaye umeuona mgahawa kwa ndani! Haya, supu yangu ya zafarani na jibini mmeionaje? Nimeichemsha siku mbili."

Aliyasema kwa Kiingereza. Neema akamtafsiria baba yake, neno kwa neno, hata lile la *hatimaye*. (Na huyu ndiye ninayetaka kumuoa!)

Papa aliinua viganja vyake. Vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha. Pilar akatazama viganja, akatazama bakuli, akajifunika uso kwa aproni yake, mabega yanatikisika. Bheki alikuwa ameshakimbilia nyuma, nikamsikia anavyocheka kwenye magaloni yangu ya mafuta.

Vilikuja vyakula vingine. Papa hakugusa hata kimoja.

Ndani ya taxi aligeukia dirisha, akawa anasugua viganja kwa leso. Nikajua nimemkosa Neema. Tukafika kwao, na mama yake, ambaye hakuwa na habari, alikuwa ameandaa fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu chao. Neema akaleta jagi na beseni, akasimama mbele ya baba yake. Papa akarudisha mikono nyuma.

"Ngoja. Tumuulize mwenyeji. Festo, hii tunanawa, ao tunakunywa?"

Mama akahadithiwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikasimama niondoke.

"Keti," Papa akasema. "Uko na uongo mingi, hiyo tutakutoa. Lakini ulinipigia magoti mbele ya Wazungu wote, hiyo haikuwa uongo. Tuma wazee wako waje." Akanawa, akakausha, akanusa viganja. "Siku ya harusi, usiguse jagi."

Ndiyo hivyo, ndugu zangu, nimepata mke. Na tafadhali asicheke mtu: kadi za mwaliko nazigawa mimi.