Wapimaji Kumi na Wawili Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeuawa, bado kuzikwa tu. Mama Agathe, katibu wa masomo wa chuo chetu, aliniita ofisini, kwenye biro yake, saa mbili asubuhi. Hakunipa kiti. Alisema idara yangu ya upimaji wa ardhi imeandikisha wanafunzi sifuri mwaka huu. Neno sifuri alilitamka polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nikamwambia msimu bado mchanga. Akasema msimu wangu ni mchanga tangu mwaka jana.

Uamuzi umetoka. Wanafunzi kumi na wawili kabla ya Ijumaa, tarehe 17. Wasipopatikana, idara inafungwa, chumba chetu wanapewa watu wa kompyuta, na mimi Wilfried, asistenti kwa miaka kumi na minne, napelekwa Kirungu kufundisha hesabu ya sekondari. Kirungu! Milimani! Kwenye baridi ile, na mapafu yangu haya!

Kutoka tu, nikamkuta Théophile, mkuu wa idara ya kompyuta, ndani ya chumba changu. Alikuwa anapima dirisha apate kununua pazia. Anapima kwa shubiri! Chumba cha wapimaji kinapimwa kwa shubiri! Aliniuliza kwa upole kama kabati nitaliacha. Ana wanafunzi mia moja na arobaini na tabasamu linaloomba kofi.

Kumi na wawili. Si wengi. Bwana Yesu naye alianza na kumi na wawili, na hakuwa hata na teodoliti.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefikiri mchana kutwa. Ubaya ni kwamba watu hawatujui. Wanamjua daktari, wanamjua padri. Mpimaji hawamjui.

Na chombo tunacho. Teodoliti yetu inasimama juu ya miguu mitatu na inapima pembe zote za dunia. Lenzi iliingia ukungu mwaka 2019 na tangu hapo haionyeshi kitu. Hilo nalijua peke yangu. Wanafunzi wangu wa mwisho niliwasomea namba za zamani kutoka kwenye daftari, na wote walifaulu.

Dawa ni tangazo. Nimechukua shuka la mke wangu Arlette, lile la harusi. Yuko Kabalo kwenye msiba, hatajua. Nimeandika kwa herufi kubwa: KUPIMA BURE! KUPIMA NI UHAI! NJOONI WOTE, JUMATANO SAA TATU. Shuka likaisha kabla ya kufika neno ARDHI. Si kitu. Mwenye akili haambiwi mara mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Ushindi! Hivyo ndivyo nilivyodhani hadi saa nne kasorobo.

Saa tatu walikuwa wamefika watu zaidi ya sitini. Mstari ulitoka mlangoni ukapita choo cha wanaume. Kina mama wengi, na watoto mgongoni. Nikasema moyoni, kumbe kiu ya elimu imefika hadi kwa akina mama. Nikaanza kuandika majina, haraka, kabla hawajabadili mawazo. Nikafika arobaini na moja.

Ndipo mama mmoja akamvua mtoto wake nguo zote na kuniuliza mizani iko wapi. Baba mmoja akaninyooshea kidole nimtoboe, anashuku malaria. Mzee mwingine akanipa kikopo kilichofungwa kwa nailoni. Kilichokuwamo sitakiandika. Kilikuwa bado cha moto.

Ikabidi niwaeleze kwamba sisi tunapima udongo. Halafu sauti moja ya nyuma: "Sasa udongo njo unagonjwa?"

Waliondoka wakinitukana kwa lugha tatu. Alibaki mama mmoja aliyekuwa ametembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa. Nilimwonyesha njia ya hospitali. Akasema hospitali anaijua, yeye alikuja kwa lile neno bure. Akakaa kidogo kwenye ngazi, akaenda. Sikulipenda jambo hilo. Jina la mtoto nililiacha kwenye orodha hata hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama Agathe amesoma orodha yangu mbele ya walimu wote. Alisema mwanafunzi namba nne ana umri wa miezi tisa. Alitaka kujua diplome yake ya sekondari aliipatia wapi. Théophile akadakia kwamba angalau hao hawatagoma. Chumba kizima kilicheka, hata mlinzi dirishani.

Damu ilinichemka. Hapo hapo nikaapa: watu wasipotujua kwa maneno, watatujua kwa macho. Nitaipeleka kazi mtaani, hadharani, waone upimaji ulivyo na hadhi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama kwa fundi wa mitumbwi pale mdomoni mwa mto Lukuga, nikatoka na kopo la rangi. Nyekundu. Nilitaka nyekundu kwa sababu matangazo ya Théophile ni ya buluu. Ni rangi ya mitumbwi, haitoki hata ikae ziwani mwaka mzima.

Fundi aliniuliza ni nyumba za nani zinavunjwa. Nikacheka. Hawa mafundi wa mitumbwi wanapenda utani. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku kubwa! Nilivaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa. Nikaenda mtaa wa chini ya reli, ule waliohamia wengi baada ya ziwa kupanda na kumeza nyumba za ufukweni. Vijana wamejaa pale, na diplome zao ziko chini ya magodoro. Nikasimamisha teodoliti, nikaweka jicho, nikaona ukungu, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona jambo zito. Kisha nikaweka alama ukutani, kama ilivyo desturi ya kazi yetu: msalaba ndani ya duara, na namba pembeni. S1 hadi S7. Kuta saba.

Sijawahi kupata heshima kama ile. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenizomea. Watoto waliacha mpira. Wanaume walivua kofia.

Kwenye nyumba ya saba alitoka Mama Evodie, mjane anayekausha ndakala, wale dagaa wa ziwani, na kuzituma Kabalo kwa treni. Amekuja kutoka ufuko wa kaskazini miaka mingi sasa. Nilianza kumweleza habari za masomo, lakini hakuonekana kusikiliza. Aliangalia ukuta tu. Kisha akaniuliza mwisho ni lini. Swali la mtu makini! Nikajibu kwa sauti ya biro: Ijumaa, tarehe 17, na haiongezwi hata siku moja. Akasema asante, Papa. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Binti yake, Ketsia, ambaye alimaliza sekondari mwaka jana, aliniuliza ile saba ni ya nini. Nikamjibu kwamba wanaosoma ndio wanaojua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetoka kwenye misa na kupita tena mtaa ule nione matunda. Maajabu! Watu wako juu ya mapaa. Kwa Mama Evodie mabati yote yalikuwa yameshashushwa na kupangwa vizuri chini. Kwa jirani zake wawili walikuwa wanang'oa misumari. Na leo ni Jumapili!

Nimeguswa. Mpimaji amepita mara moja tu na mtaa mzima unakarabati nyumba. Hayo ndiyo maendeleo. Niliwapungia mkono. Hawakunijibu, mikono yao ilikuwa na kazi.

Mawingu mazito upande wa ziwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua ilianza saa kumi alfajiri na haikukoma hadi saa tatu. Saa nne shefu wa mtaa alikuwa mlangoni kwangu pamoja na wanaume wanne. Hawakuja kujiandikisha.

Alisema miaka miwili iliyopita watu wa kujenga barabara walipita mtaani mle na rangi nyekundu. Waliweka misalaba kwenye nyumba za kuvunjwa, wakasema Ijumaa, na mashine ikaja Alhamisi. Nyumba ya Mama Evodie ilikuwa mojawapo. Mashine ilimkuta sokoni na mabati yake yakasagwa pamoja na sufuria. Safari hii alijiapia kwamba hatangoja. Jumamosi alijaribu kwanza kuusugua msalaba kwa mchanga na sabuni. Haukutoka. Ndipo akaita watu wakashusha paa.

Kuta ni za matofali mabichi. Mvua moja imetosha.

Nilimweleza shefu kwamba kosa si langu. Msalaba wa kuvunja hauna duara. Wangu una duara! Kila mtu mwenye macho anaona duara! Mmoja wa wale wanne alinishika kola. Shefu akamwambia aniache, hata kunipiga ni kupoteza nguvu. Kati ya yote niliyoambiwa tangu wiki jana, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeenda. Sikulala nikiwaza niende au nisiende, lakini nimeenda.

Jirani wawili wamerudisha mabati yao. Nyumba zao zimeloa, zimesimama. Ya saba haipo. Kuna kona moja tu imebaki, hadi kiunoni, na tope jekundu lililoteremka hadi njiani. Magunia matatu ya ndakala yameoza, harufu yake inafika relini. Mama Evodie alikuwa ameketi juu ya mabati yake. Wanalala kwenye chumba cha kwaya, kanisani.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyasema yote. Habari za duara, habari za shuka lililoisha, habari za Kirungu na mapafu yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Papa, ile nyumba yangu ilikukoseya nini?"

Nilirudi nyumbani na chakula kikanishinda. Mimi ni mtu mbaya. Naandika hapa ili nisisahau: Wilfried, wewe ni mtu mbaya.

Jumatano, 15 Oktoba

Wanafunzi bado sifuri. Théophile ameleta pazia. Za maua.

Nimepima koti langu la zamani la baridi. Halifungi tena tumboni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Saa tano mlango uligongwa. Ketsia! Viatu vyenye tope, diplome mkononi ndani ya nailoni. Alisema anataka kujiandikisha upimaji. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Minerval, ada ya masomo, amelipa papo hapo. Mama yake ameuza yale mabati, maana paa bila kuta halina kazi. Nilimwuliza kwa nini asiende kompyuta kama wenzake. Alisema mara mbili sasa amewaona watu wakiandika kwenye ukuta wao, na mara zote mbili nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa kujua maana ya kilichoandikwa. Alisema anataka awe yeye. Hakuangalia pembeni alipokuwa anasema.

Kisha akataka kuona daftari langu la Jumamosi. Alitaka kujua ile S7 ilipima nini, kutoka wapi hadi wapi, na namba zake ni ngapi. Nililifungua daftari. Ukurasa wa Jumamosi una jina langu na tarehe tu. Nikaufunga haraka na kumwambia kwamba hilo ni somo la mwaka wa pili.

Alisema sawa, atangoja. Aliandika jambo kwenye daftari lake mwenyewe. Sikupenda jinsi alivyoliandika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Haleluya! Mama Agathe amesema kwamba kwa kuwa sasa kuna mwanafunzi mmoja wa kweli, mwenye meno na diplome, hawezi kufungiwa mlango. Ijumaa imeongezwa. Nina hadi tarehe 31. Théophile amebaki ameshika pazia zake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nimemwambia kabati siliachi.

Nimekaa na karatasi, kwa utulivu, kama msomi. Hesabu haidanganyi. Kuta saba zimeleta mwanafunzi mmoja. Wamebaki kumi na mmoja. Kumi na mmoja mara saba ni sabini na saba. Jioni nimepita kwa fundi wa mitumbwi. Alikataa kuniuzia rangi, akataka hata kunifukuza, lakini msaidizi wake alinifuata hadi barabarani na makopo matano.

Nyumba sabini na saba. Naanza kesho saa moja asubuhi, mtaa wa juu, kabla jua halijawa kali. Na safari hii duara nitalichora kubwa zaidi, ili lisimchanganye mtu.