Mayai ya Mama Mkwe na Jipu Lililoinuliwa

Jumatatu, 4 Machi
Gari langu, jipu, limerudi kutoka kuinuliwa! Springi mpya ndefu, matairi mapana. Naingia kwa kukwea, kama mtu anayepanda darini. Nimeliita Dume. Mke wangu ameliita majina mengine.

Dosari moja tu: likifika kasi ya hamsini, linatetemeka. Kioo cha kutazamia nyuma kimenidondokea mapajani. Mke wangu akauliza kama si kule kuinuliwa kulikoleta hayo. Nikamjibu kwamba mambo ya magari hayaendi kwa kubahatisha.

Jioni, ukweni. Mama mkwe anafuga kuku. Jumamosi ana trei za mayai za kupeleka mjini kwenye duka la keki, na gari lake bovu. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, akafungua kinywa ajitolee. Huyu bwana huendesha kigari chake kama amebeba mgonjwa. Kimoyomoyo namwita Konokono. Nikamwahi! Nikasema Dume litabeba. Mama mkwe akaniita mwanangu. Konokono akarudi kwenye chai yake. Raha iliyoje!

Jumanne, 5 Machi
Ni matairi. Nimeyapeleka yasawazishwe. Fundi wa matairi akasema yako sawa. Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia, huku anapumua kwa hasira. Yako sawa.

Bado linatetemeka. Nashuku hujuma. Jana Konokono aliinama karibu na Dume muda mrefu, eti anafunga kamba za viatu. Nakumbuka vizuri: alivaa ndala!

Jumatano, 6 Machi
Uchunguzi wa kitaalamu. Mke wangu kwenye usukani, mimi nyuma kifudifudi, sikio sakafuni. Nikamwagiza afike hamsini, kisha atoe gia, gari liserereke lenyewe. Injini ikatulia, mtetemo ukabaki. Ugunduzi! Si injini, ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Nikapiga ukelele wa furaha. Mke wangu akadhani nimeumia, akafunga breki. Nikaumia.

Basi ni propela, lile bomba la chuma linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma. Nimegundua peke yangu. Mke wangu aliendesha tu.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa fundi. Ana sauti ya dalali wa mnada. Gereji nzima ikasikia kwamba nimelikweza gari mpaka propela imekaa mshazari kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, viungio vyake vinazunguka kwa taabu, na mtetemo unatoka hapo. Dawa: ama lishushwe kidogo, ama aweke kabari za chuma chini ya springi za nyuma, ekseli iinue pua kuielekea propela. Nafasi ipo Jumatatu. Hadi hapo nisikimbize.

Kulishusha! Konokono si atakufa kwa kicheko? Na Jumatatu mayai yatakuwa yameshakuwa keki. Nikaaga kwa adabu, nikaenda zangu duka la mabomba.

Ijumaa, 8 Machi
Muuza mabomba hajawahi kumiliki gari, kwa hiyo hana upendeleo. Anasema kitu kikitetemeka kiongezewe uzito upande mmoja. Nimeifungua propela mwenyewe, nikaifunga vibano vya bomba la maji, nikairudisha. Nati mbili zimebaki. Kiwandani huwa wanazidisha.

Majaribio: mtetemo sasa unaanzia arobaini. Angalau umesogea. Mpango wa kesho: sivuki thelathini. Nani atajua?

Jumamosi, 9 Machi
Wote walijua. Mama mkwe mbele, mke wangu nyuma amekumbatia trei, na nyuma yetu msururu wa honi. Mama mkwe akanisifu kwa utulivu. Baiskeli ikatupita. Nikavumilia. Mara Konokono akatupita, akapunga mkono. Akapunga! Damu ikanipanda, mguu ukakanyaga wenyewe. Arobaini: trei zikaanza kugongana. Hamsini: mama mkwe akaniambia nipunguze, ila neno lilimtoka vipandevipande, pu-pu-pu-pu. Kisha mshindo. Propela ikachomoka, ikabiringika hadi mtaroni.

Nikafunga breki. Mayai hayakufunga. Yalikuja mbele.

Mama mkwe akatoa ganda sikioni. Kutoka urefu ule hawezi kushuka mwenyewe. Aliyemshusha ni Konokono, aliyekuwa ameshageuza gari. Trei zilizopona akapakia yeye. Mke wangu naye akapanda huko. Mama mkwe akaniambia, "Asante, bwana." Bwana! Hata lile 'mwanangu' nimenyang'anywa.

Jumatatu, 11 Machi
Fundi ameweka kabari na kukaza kila nati. Dume limetulia tuli, hata kwa themanini. Amenionya, kwa sauti yake ileile, nisiguse kitu tena. Mke wangu amenionya kwa jicho tu, na lilisikika zaidi.

Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: mayai. Mzigo mwepesi kupita kiasi, unarukaruka na kulichanganya gari. Tena kwa kuwa kabari zimekubali hivi, maana yake Dume lina nafasi ya kuinuka zaidi. Springi ndefu kuliko hizi zinafika Alhamisi. Nitazifunga mwenyewe.

Ijumaa shangazi yake mke wangu anahama na kabati lake la vioo. Nimemwambia asihangaike kutafuta lori.