Rangi ya Bei ya Ngisi

Jumatatu, 13 Januari
Bosi Chuang katangaza: Ijumaa Mzee Hung wa mnada wa samaki anakuja kuuona ukurasa wake wa bei wa mtandaoni. Atakayeumaliza ndiye mkuu wa kikundi. Ni mimi au Shao. Yaani, ni mimi. Kazi yenyewe nini? Bei ikipanda, nyekundu; ikishuka, kijani, kama mji mzima wa Tainan ujuavyo. Nimechukua kiolezo cha bure cha Wazungu. Dakika kumi! Nikaenda kunywa supu ya mwatiko.

Jumanne, 14 Januari
Shao kaniuliza, mbele za watu: Kaka Weng, mwatiko kapanda bei, mbona umemvika kijani, kafilisika? Kumbe kwa Wazungu kijani ndiyo faida. Watu wa ajabu. Sharti la rangi, ipi ya kupanda na ipi ya kushuka, limo ndani ya kiolezo. Nani ana muda wa kulisoma? Nimeongeza amri chini kabisa: nyekundu, kwa lazima. Ikatii! Bei zote nyekundu. Zilizoshuka pia.

Jumatano, 15 Januari
Nimelazimisha na kijani. Sasa zote kijani! Shao anasema nigeuze sharti, mstari mmoja tu. Wivu huo. Chanzo nimekigundua: ile pakiti ya kijani ya vitafunio tunayoiweka juu ya seva, kama ofisi zote hapa, ili mashine iwe na adabu, imeisha muda wake tangu Oktoba. Aliyeinunua: Shao. Nimemwandikia bosi. Kajibu: nunua nyingine.

Alhamisi, 16 Januari
Pakiti mpya. Bei zote bado kijani. Haidhuru! Wiki mbili kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, samaki gani atashuka bei? Nimefuta kijani, nimelazimisha nyekundu kote. Nimeshachagua kiti cha mkuu, kile cha dirishani.

Ijumaa, 17 Januari
Mzee Hung kakodoa macho. We kijana, ngisi nimemnadi mwenyewe leo asubuhi, kaporomoka. Hapa anashangilia nini? Nikasema mashine ina matumaini. Hakucheka. Shao kainama, kageuza mstari mmoja, rangi zikakaa. Kiti cha dirishani kakikalia yeye.

Jumatatu, 20 Januari
Mkuu Shao kanipa ukurasa wa zahanati, wa skrini ya ukumbi wa kusubiri: jina la mgonjwa liwe kijivu akisubiri, buluu akiitwa. Rangi ikagoma. Nimelazimisha buluu. Saa tatu asubuhi ukumbi mzima umeinuka na kuingia kwa daktari kwa mpigo. Shao ananipigia simu, mara ya sita sasa. Bila shaka anataka kujua foleni nimeimalizaje.