Ombi la Kufutwa Katika Orodha ya Marafiki

Ruiru, nyuma ya stesheni,
14 Juni 1958.

Kwa Katibu,
Chama cha Kiasi,
Thika.

Ndugu Katibu,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba radhi kwa kukuchosha macho siku ambayo pengine ulitaka kupumzika. Hatujuani. Mimi ni Urbanus Kitheka, niliyekuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge kwa miaka ishirini na minne, na sasa ni mzee anayekaa kwake. Nakunywa pombe ya miwa. Nalitaja mapema ili usije ukaambiwa na mtu mwingine ukadhani nilikuficha. Nakunywa kilabuni hapa Ruiru kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, kilabu kinapofungwa, siku zote isipokuwa Jumapili. Jumapili naanza saa nane.

Nimesikia kwamba kamati yenu itakaa Jumamosi ijayo kuamua kama darasa la vijana la Ruiru liendelee au lifungwe. Naomba lifungwe.

Unakumbuka kwamba mwezi wa Machi mlimtuma Mwalimu Bedan aje kuwafundisha vijana wa kanisa letu namna ya kumsaidia rafiki aliyezidiwa na pombe. Walijiandikisha saba, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba. Mwalimu aliwagawia kijitabu cha kurasa nane chenye kanuni nne. Usimwaibishe rafiki yako. Usimwache aende peke yake. Muulize kinachomsumbua, kisha unyamaze mpaka amalize. Na mambo yakikuzidi, mweleze mtu mzima unayemwamini. Sina ugomvi na kanuni hizi. Nimekisoma kijitabu mara mbili, na kasoro niliyoiona ni ile picha ya ukurasa wa tano, ambapo mlevi amevaa koti zuri kuliko anayemsaidia.

Kisha Mwalimu akawaagiza kila mmoja atafute rafiki anayelewa, afanye naye mazoezi kwa miezi mitatu. Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Watoto hawa wamelelewa vizuri mno. Katika wote saba hakuna aliyekuwa na rafiki mlevi hata mmoja wa rika lake. Wakakaa chini, wakapiga kura kwa kuinua mikono, wakanichagua mimi, bila kupingwa, na jina langu likaandikwa katika orodha ya marafiki. Mimi sikuwa mgombea, wala sikuwepo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nasindikizwa. Saa tisa kasorobo nawakuta mlangoni pangu, wamenawa nyuso. Hawanizuii kwenda kilabuni, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa maana mtu akikuzuia unaweza kumgombeza ukapita. Hawa wananiamkia, tunaondoka pamoja, nami nikiingia wao wanakaa kwenye benchi la nje na kufanya hesabu walizopewa shuleni. Wiki ya pili msichana aitwaye Kanini alichungulia dirishani akauliza, kwa adabu, kama kuna mzee anayezijua sehemu za desimali. Walitoka wazee watatu. Tangu siku hiyo kilabu kimeharibika. Watu wanajadili desimali na pombe inachachuka mezani. Mwenye kilabu ananitazama kama mtu aliyemletea ugonjwa.

Kurudi nyumbani ni vilevile. Unajua sheria za siku hizi kuhusu mikusanyiko. Askari alitusimamisha karibu na reli akataka kuona kibali cha mkutano. Njambi, ambaye ndiye kiongozi wao na ana miaka kumi na sita, alimweleza kwamba si mkutano, wanamsaidia rafiki yao aliyezidiwa na pombe. Askari alitutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. Halafu akainama akamuuliza Njambi, kwa sauti ya chini, kama nafasi bado zipo.

2. Siaibishwi. Nisamehe, Ndugu Katibu, lakini mlevi ana haki yake ya kuaibishwa. Akishatukanwa anakuwa ameshalipa kosa lake na anaweza kulala. Mwisho wa Aprili nilianguka katika mtaro wa maji ya mvua. Niliwasubiri wacheke. Kijana Zacharia alishuka akakaa kando yangu ndani ya matope, akaliweka daftari lake kichwani lisilowe, akasema mvua ya mwaka huu imekuja vizuri. Wenzake wakashuka pia. Tukakaa watu wanane katika mtaro tukizungumza habari za mvua. Akapita mama mmoja na kikapu, akauliza foleni hii ni ya nini, na kama wanaogawa chakula watafika kesho.

3. Mulei. Huyu ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wote kwenye mkonge. Anakunywa mara mbili yangu, na kila mtu Ruiru anajua, lakini katika kura ile hakupata hata mkono mmoja. Amenuna. Alinijia akaniambia, "Kitheka, mimi nimeanza kabla yako na nimeanguka mahali pengi kuliko wewe. Wewe umewapa nini hao watoto?" Sasa anaanguka makusudi mahali wanapopita. Mtu wa miaka sitini na mbili. Ninyi mmeingiza wivu mahali ambapo palikuwa na amani.

4. Nimeshtakiwa kwangu mwenyewe. Hili naomba kamati ilisikilize kwa makini, kwa sababu sidhani limewahi kutokea kwenye chama chochote. Mwezi wa Mei Njambi alikuja peke yake, akabisha hodi, akakaa kwenye kigoda. Akaniita babu kwa Kikuyu, akasema, "Guka, tuna rafiki anatutia wasiwasi. Mambo yametuzidi. Nimekuja kwako kwa sababu wewe hutangazi siri za watu."

Ni kweli mimi sitangazi. Nawasomea majirani barua zao za mbali, na yaliyomo hayatoki nje. Nikamuuliza huyo rafiki ni nani.

"Ni wewe," akasema. "Lakini sasa naongea na yule mwingine."

Ningefanya nini? Niliyapokea mashtaka. Nikamwambia amefanya vyema kuja, nitazungumza na huyo mzee, na aniachie siku tatu. Kesho yake alikuja Zacharia kwa siri kubwa na habari ileile, kisha Kanini, kisha waliobaki, kila mmoja akinisihi nisiwaambie wenzake. Kwa juma moja nilikuwa nimepokea taarifa saba dhidi yangu na nimeahidi mara saba kuchukua hatua. Siku tatu zilipokwisha Njambi alirudi kuuliza kama nimezungumza naye.

Nikasema nimezungumza naye.

"Anasemaje?"

Nikasema anasema ataacha baada ya mavuno ya kahawa.

Akaniuliza kama mimi, nikiwa mtu mzima, naliamini neno hilo. Ndugu Katibu, nimepima mkonge kwa miaka ishirini na minne na sijawahi kutia kidole kwenye mizani. Nilisema siliamini. Akaandika.

5. Naulizwa, halafu wananyamaza. Hili ndilo zito. Siku tisa zilizopita walikuja wote kabla ya saa tisa wakaniuliza kwa nini nakunywa. Nilitoa majibu ya kawaida, kwamba ni mazoea, kwamba ni baridi ya Ruiru. Hawakubisha. Walikaa tu kimya, kama walivyofundishwa, wakinitazama. Kimya cha watoto saba ni kitu cha kutisha. Chama kingewaonya wazee mapema.

Basi nikaanza. Nilizaliwa upande wa mashariki wa Thika, chini ya mlima Kilimambogo, mahali mto unapopinda kama kiwiko. Nilikuwa na miaka tisa tulipoondolewa kwenye ardhi yetu. Tulipewa siku nne. Baba alibeba mlango wa nyumba mgongoni kwa sababu alisema mlango aliouchonga mwenyewe hautafunguliwa na mtu asiyemjua. Mama alikuwa amefariki msimu uliotangulia, tukamwacha pale. Mkonge ukapandwa juu yake, na baadaye nikaajiriwa kuupima. Katika miaka arobaini na sita tangu hapo nimeulizwa kipande changu cha utambulisho, kabila langu na stakabadhi ya kodi. Hakuna aliyeniuliza jambo hili kisha akanyamaza mpaka nimalize.

Sasa ona madhara yake. Hadithi ni ndefu, na mimi nina tabia ya kueleza sawasawa. Siku ya kwanza nilipofika kwenye daraja la magogo, kilabu kilikuwa kimefungwa. Siku ya pili nilikuwa bado naeleza miti. Kanini anachora ramani, na alibishana na Zacharia kama mkuyu ulikuwa upande wa juu wa mto au wa chini, ikabidi nirudie mwanzo. Watoto wasio wa ukoo wangu wanajua alipolala mama yangu, hatua sitini kutoka majini. Zimepita siku tisa bila mimi kufika kilabuni. Sijaacha pombe, isiandikwe hivyo popote. Nimekosa nafasi.

Kwa sababu hizi tano naomba yafuatayo. Darasa lifungwe. Mwalimu Bedan, ambaye ni mtu mwema na sina chuki naye, ahamishiwe mahali palipo na walevi vijana, ili wanafunzi wake wasilazimike kuazima wazee. Hatimaye, nifutwe rasmi katika orodha ya marafiki, nipewe hati yenye muhuri wa chama inayosema kwamba Urbanus Kitheka si rafiki wa mtu yeyote aliye chini ya miaka arobaini, niwe nayo mfukoni nikisimamishwa njiani. Kama muhuri wa chama ni mdogo, niko tayari kungoja mkubwa utengenezwe.

Nisalimie wanakamati wote, wake kwa waume, na Mwalimu Bedan akija huko umwambie nimemtaja kwa heshima. Wasalimu nyumbani kwako hata wale wasionijua.

Wako katika malalamiko,

Urbanus Kitheka.

Nyongeza. Imenipasa kukiri jambo baada ya sahihi. Siku hizi tisa mkono wangu unatetemeka, haushiki kalamu. Maneno yote nimeyatamka mimi, lakini mwandishi ni Njambi yuleyule. Sahihi tu ndiyo yangu, kama unavyoiona. Hakugeuza neno. Alinisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimesema Mulei ana miaka hamsini na tisa.

Alipomaliza kuandika ombi la kufunga darasa aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa nini nataka waende. Kisha akanyamaza. Nilianza kumjibu saa nne asubuhi. Sasa ni saa nane, wenzake sita wamefika, chai imepashwa moto mara mbili, na bado sijaifikia sababu yenyewe. Kwa hiyo barua hii ikikufikia, naomba kamati isiamue lolote Jumamosi ijayo. Wala ile inayofuata. Ngojeni nimalize.