Yah: Kamba ya Saba Kuchongewa na Uzi wa Kioo

Mheshimiwa Mhandisi Mkuu, ambaye nyumbani ni mke wa mwanangu,

Nakuandikia kupitia masjala badala ya kukuvizia jikoni, kwa sababu kazi ni kazi na ukwe ni ukwe.

Kwa miaka kumi na tisa nimekagua kamba za chuma zinazobeba daraja letu. Naigonga kamba kwa nyundo, naitegea sikio, na nisiposikia waya ukikwaruza ndani, naandika daftarini: "Nzima." Mwezi uliopita ukaamuru zifungwe nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga, eti mwanga ukiyumba, kamba inaumwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyuzi hizi hazina adabu. Siku ya tatu tu kazini, bila hata kuwasalimia waliozitangulia, zimetangaza kwamba waya kumi na moja zimekatika ndani ya kamba ya saba. Mgonjwa huambiwa faraghani. Huyu alitangazwa kwenye kompyuta, mbele ya makarani na mpika chai.

2. Hazilali, haziombi likizo, haziendi msibani. Mtumishi wa namna hiyo anatuharibia jina sisi wengine.

3. Ulifunga daraja saa ileile, magari yakiwa foleni, nami nimesimama pale na daftari lenye "Nzima" ambayo wino wake haujakauka. Dereva wa basi akaniuliza, "Mzee, si ndiyo kazi yako hii? Kwani huko juu ulikuwa unasikia nini?" Abiria wakaangua kicheko. Nikajifanya natafuta kalamu.

4. Ugonjwa umeingia nyumbani. Nikimwambia mama mkwe wako kwamba mimi mzima, ananijibu, "Tungekufunga uzi kwanza, tukahakikisha." Miaka thelathini na minne ya ndoa, neno langu limeshindwa na kioo!

Kwa hiyo naomba nyuzi zing'olewe, na daraja lifunguliwe Jumatatu kwa saini yangu. Ikishindikana, ziwe zinasoma daftari langu kwanza, kisha zikubaliane nalo. Ikishindikana hata hilo, kamba ya saba ipewe barua ya onyo kwa kukatika bila kumtaarifu mkaguzi wake.

Wasalimie mafundi, makarani na mpika chai. Msalimie na mwanangu, kama bado yuko upande wangu.

Wako mtiifu ofisini, mkaidi kidogo mezani,

Baba mkwe wako,
Mkaguzi wa Kamba, Daraja la Kwanza

Baada ya kusaini: Leo asubuhi, bahasha haijafungwa, mama mkwe wako kanikokota hadi kwa daktari wa masikio. Daktari kanipima mara tatu. Sikio la kulia, lile ninaloliegemeza kwenye kamba, limekufa. Anakadiria huu ni mwaka wa sita. Nami miaka yote hiyo nikidhani kamba zimetulia. Nawe, mwanangu, usifungue daraja. Zikague upya zote nilizoziandika "Nzima". Anza na ya nne. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisifu kwa ukimya wake.