Moshi wa Nyumba ya Bibi

Jumatatu, 3 Februari 2025. Chara.

Habari kubwa! Nyumba ya marehemu bibi itapata mwenyewe Ijumaa hii, baada ya swala. Tumebaki wawili tunaoidai. Mimi Ubeid, mjukuu aliyelelewa humo, na Godhana, mtoto wa ami yangu, ambaye ana mke, ana watoto, ana shamba la mpunga, na hana haya. Mzee Zakaria kasema wazee hawatasikiliza maneno ya mtu, watatazama moshi. Nyumba inayofuka moshi jioni ina mwenyewe. Isiyofuka ni ya popo.

Taabu ni kwamba mimi silali kule. Nalala kwa dada Mwanaarusi, barazani. Kule kuna popo, kuna siafu, na hakuna dada wa kupika. Leo kaniambia mwanamume mwenye mvi kulala barazani kwa dada yake ni aibu, na nikiikosa nyumba hii nikatafute baraza nyingine. Aliyasema huku akinipakulia wali, kwa hiyo sikuogopa sana. Kidogo niliogopa.

Lakini mpango ninao. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Jumanne, 4 Februari

Mpango waenda! Nimemwendea Dukicha, yule Muorma aliyeleta ng'ombe wake huku mtoni kwa ajili ya kiangazi. Nikamwomba mavi makavu ya ng'ombe. Akauliza ya nini. Nikasema ya kufukuzia mbu. Si uongo, mbu wapo. Wao wenyewe huyawasha zizini jioni, yakafuka taratibu mpaka asubuhi. Akanionya niyatie kwenye sufuria kuukuu, tena nikae karibu, maana upepo wa kaskazi hauna adabu. Nikamshukuru. Kukaa karibu ndiko hasa ninakokukwepa.

Magharibi nikayawasha katikati ya chumba, nikafunga mlango, nikaenda zangu kwa dada. Kambare wa nazi! Nikiwa nakula, nikauona moshi unapenya kwenye nyasi za paa, kwa heshima kabisa. Mzee Zakaria akapita, akasimama, akasema mashaallah. Roho yangu kwatu.

Jumatano, 5 Februari

Moshi mzuri tena. Godhana kaja kuniuliza mbona naifukiza nyumba na mwenyewe simo. Eti anahofia paa, nyasi zimekauka mno. Anahofia paa! Anachohofia ni moshi wangu. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Kesho naongeza mavi.

Alhamisi, 6 Februari

Nyumba imeungua.

Nilikuwa kwa dada, tonge mkononi, niliposikia mayowe. Nilipofika paa lilikuwa limeshaanguka. Nililia, na kuliandika hilo sioni haya. Humo ndimo bibi alimonifundisha Alhamdu, na humo ndimo alimonificha nilipoiba mayai ya mama yake Godhana. Sasa ni jivu.

Kisha nikafuta machozi, nikafikiri. Nyumba tupu, haina mtu, inaungua siku moja kabla ya kikao cha wazee! Ajabu hiyo. Na nani nilimkuta pale kabla yangu? Godhana! Shati limeungua, nyusi hana, kaukumbatia mlango wa bibi, eti ameuokoa. Mtu asiye na hatia hawezi kuwahi moto namna ile. Nikampigia kelele mbele ya watu kwamba ndiye mchomaji. Hakujibu. Alikuwa anakohoa, lakini kimya ni kimya.

Ijumaa, 7 Februari

Kikao. Nilisema vizuri sana. Niliwaonyesha wazee nyusi za Godhana, yaani pale zilipokuwa. Kisha nikamwita Dukicha anitolee ushahidi kwamba mimi ni mkazi wa nyumba ile. Lo! Akasema Ubeid ni mtu wa bidii, kila alasiri huja kuchukua mavi, na jana alibeba gunia zima. Mzee Zakaria akauliza niliyawashia wapi. Nikasema chumbani. Akauliza nani alikuwa akiyaangalia. Nikasema niliufunga mlango vizuri.

Watu walicheka mpaka mwadhini akatoka msikitini kutazama kuna nini. Dada Mwanaarusi aliwashinda wote kwa kicheko, na ni damu yangu! Godhana peke yake hakucheka. Labda midomo ilikuwa inamuuma.

Hukumu: kiwanja ni cha Godhana. Mimi nimwombe radhi, tena nikate nyasi za kuezekea nyumba mpya. Radhi nimeomba, kwa ufupi. Dada naye kaninyima baraza, kweli kaninyima! Nimehamia kwa Dukicha, nalala karibu na ndama. Wananilamba miguu. Nina huzuni leo.

Jumamosi, 22 Februari

Alhamdulillahi! Nyumba imesimama, na ubavuni mwake Godhana kanijengea chumba changu mwenyewe. Sikumwomba. Alisema bibi hakutulea ili mmoja wetu alale na ndama. Akakitia ule mlango wa bibi, wenye herufi nilizokwaruza nikiwa mdogo, na sasa una alama ya moto pembeni. Nikalishika komeo, nikalifunga na kulifungua, kisha tena. Dada kaleta mkeka. Mzee Zakaria kaomba dua.

Kwa kifupi, nimeshinda. Nilitaka nyumba, ninayo. Paa ni jipya, na aliyetoka jasho ni Godhana. Mpango mzuri hauharibiki, unahitaji muda tu.

Jumapili, 23 Februari

Nimelala raha mustarehe, ila mbu! Alasiri nikaenda kwa Dukicha. Akanitazama sana, akaninyima. Haidhuru, nimejiokotea njiani. Ng'ombe wake hawana ubahili wa mwenyewe. Tena safari hii nimejifunza: sikuyaweka katikati ya chumba. Nimeyaweka pembeni kabisa, penye fito, yasimkwaze mtu.

Naandika haya kwa dada. Kapika kambare, na mtu hawezi kulinda moshi tumbo likiwa tupu. Upepo mzuri. Nimeshiba, nimetulia, sina ugomvi na mtu.

Ila naona moshi wa kule kwetu umekuwa mzito kidogo, na Godhana anaukimbilia na ndoo. Huyu mtu! Nyusi zenyewe ndiyo kwanza zinaota. Haya, leo mchomaji nimemwona kwa macho yangu, na dada ni shahidi.